Normal, HLG au D-Log M? Ubishi wa droni na uso wa mama mkubwa

Najua nimewatupa. Kila nikikutana na mtu kafteria naulizwa mbona kimya. BTP ilinimeza mzima mzima, na niliporudi Mlimani nikakuta tesiti zinanisubiri mlangoni kama mwenye duka anayedai hela yake. Leo Ijumaa sina kipindi cha jioni, umeme upo, rumeti kaenda Mbagala kwa dada yake, basi nakaa niandike ile mada niliyowaahidi tangu mlipoiona video yangu ya mwani. Mmeniuliza sana: ulitumia seti gani ya rangi kwenye droni? Mbona sura za watu zinaonekana na bahari haijaungua?

Jibu la maneno mawili sina. Ningekuwa nalo ningewaandikia kwenye meseji tukamalizana. Hebu tulieni, chukueni chai, maana hii itakuwa ndefu kidogo. Wale wa CoET mtanisamehe nikieleza kitu ambacho nyie mlikisoma mwaka wa kwanza. Mimi ni mwalimu wa Jiografia na Kiswahili, naeleza kwa lugha ya ubao.

Kwanza chombo. Droni si yangu, bumu langu halinunui hata betri yake. Ni DJI Mini 4 Pro ya kaka mmoja wa CoET ambaye wikiendi anapiga harusi. Hii ilitoka Septemba 2023, uzito wake hauzidi gramu 249, na lenzi yake ni f/1.7, haifunguki zaidi wala haifungiki. Kibali cha TCAA alishughulikia yeye mwenyewe kabla hatujagusa boti, na msiniulize njia za mkato kwenye hilo, sina. Ukifungua sehemu ya rangi unakuta majina matatu: Normal, HLG na D-Log M. Hayo matatu ndiyo yaliyotugombanisha wiki nzima.

Mwenye droni alikuwa na msimamo mmoja: D-Log M au tusiruke. Kwake yeye Normal ni ya watoto wanaorekodi bethidei. Rumeti wangu, ambaye hajawahi kushika droni ila kaangalia YouTube nyingi kuliko alivyosoma madesa, alikuwa wa HLG, eti ndiyo ya televisheni za kisasa. Mimi nikawauliza swali la kijinga tu: hii video anaiangalia nani, na wapi? Wakanitazama kama nimeuliza bei ya mchicha kwenye semina ya fizikia.

Tuanzie na mwanga, maana bila hapo majina yote matatu ni kelele. Simama ndani ya ukumbi wa Nkrumah saa saba mchana, mlango ukiwa wazi, uangalie nje. Macho yako yanaona viti vya ndani na yanaona miti ya nje. Sasa toa simu upige picha. Ama viti vitatoka na mlango uwe karatasi nyeupe, ama miti itatoka na viti viwe shimo. Ule umbali kati ya giza la chini kabisa na mwanga wa juu kabisa ambao kamera inaweza kuushika kwa mpigo mmoja, ndio ninaouita hapa upana wa mwanga. Wapiga picha wanaupima kwa stopu, na kila stopu moja ni mwanga mara mbili ya ule wa nyuma yake. Stopu 3 maana yake ni mara 8. Stopu 10 ni mara 1,024. Mnaona inavyokimbia.

Hesabu yenyewe ni kama bumu. Tuseme chumbani mpo wanane na mna hela 1,024. Wa kwanza achukue nusu, 512. Wa pili achukue nusu ya iliyobaki, 256. Wa tatu 128. Mkiendelea hivyo, wa nane anapata 4. Sensa ya kamera inapokea mwanga kwa namna hiyo hiyo: stopu ya juu kabisa, yaani mawingu na mchanga unaong'aa, inajichukulia nusu ya namba zote, na kivuli cha chini kinabaki na hela ya maandazi. Logi, ile "Log" ya D-Log M, ni hesabu ya kugawa upya ili wa kwanza apunguze ubinafsi na wa nane apate cha kuishi. Kwenye filamu mambo haya si mapya, Kodak walikuwa na mfumo wao wa Cineon wenye logi tangu miaka ya 1990. Kwenye droni ya gramu 249 ndiyo maajabu.

Ugawaji huo una gharama yake. Video ya D-Log M ukiifungua ilivyo inaonekana imepauka, kama kanga iliyofuliwa miaka kumi. Mpaka uikalie kwenye laptopu, uirudishie weusi wake na rangi zake, au uipitishe kwenye LUT ya DJI wenyewe, ndipo inakuwa video ya kuonyesha watu. Normal haina hayo. Kamera yenyewe inaamua palepale giza liwe giza kiasi gani, majani yawe kijani kiasi gani, inafunga faili, kwisha. Tena kwenye hii Mini 4 Pro Normal inaandikwa kwa biti 8, ngazi 256 kwa kila rangi, wakati HLG na D-Log M zinaandikwa kwa biti 10, ngazi 1,024. Ukichukua faili la biti 8 ukaanza kulivuta mwanga kwa nguvu, anga la bluu linakatika ngazi ngazi kama mashamba ya matuta kule Lushoto.

HLG ni mtoto wa BBC ya Uingereza na NHK ya Japani, na mwaka 2016 ikaingia kwenye viwango vya ITU. Walitaka kitu kimoja kinachoweza kurushwa hewani, mwenye televisheni mpya aone mwanga mpana na mwenye ya zamani naye asikose picha. Wazo zuri sana. Lakini rumeti hakuwahi kujibu swali langu la kijinga: hiyo televisheni mpya iko wapi?

Maana nilijua video inakwenda wapi. Ilikuwa inakwenda kwenye shule moja ya kata mkoani Singida ambako nilipangiwa BTP, kwa watoto wa kidato cha pili ambao wengi wao hawajawahi kuiona bahari. Nilitaka kuwafundisha maji kupwa na maji kujaa, na watu wanavyoishi kwa ratiba ya mwezi. Mchoro wa ubaoni wa jua, mwezi na dunia ninao, nauweza hata nikiwa usingizini. Tatizo ni kwamba mtoto akishachora miduara mitatu anaandika "bamvua" kwenye daftari na hajui kwamba kuna mama pale Jambiani ambaye bamvua ndilo linalompangia siku ya kufua na siku ya kwenda shamba.

Na huyo mama ni mama mkubwa wangu. Amelima mwani tangu kabla sijazaliwa. Kilimo hiki cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, huko huko upande wa mashariki, na mpaka leo wakulima wengi ni wanawake. Nilimpigia simu kumwomba ruhusa, na yeye akawaulize wenzake wa shamba la jirani. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema:

"Mwanangu, madude hayo yanapita juu yetu kila siku, ya wageni. Mara moja kijana mmoja wa hoteli akatuonesha kwenye simu. Bahari imetoka nzuri, wallahi. Sisi tumekuwa kama kunguru waliotua. Nimejijua kwa ndoo yangu tu."

Nikanyamaza. Akaendelea: "Kama hao wanafunzi wako watajifunza kwa kutazama kunguru, basi usije. Wanione uso."

Hapo ubishi wa chumbani ukabadilika kabisa. Ile bahari ya kijani-bluu ya Jambiani mnayoiona kwenye kalenda inapatikana kirahisi: punguza mwanga mpaka mchanga mweupe utulie na maji yakolee. Ila mtu mweusi aliyevaa buibui au kanga ya rangi nzito, kajifunga kitambaa, kainama, jua liko juu yake na uso uko kivulini, ukipunguza mwanga kwa ajili ya maji, umemfuta. Kamera haikukosea, imefanya ulichoiambia. Umechagua bahari. (Wale wa sanaa mtakuwa mmesikia habari za kadi za Shirley za Kodak, zile za kusawazisha rangi kwa picha ya mwanamke mzungu miaka na miaka. Habari hizi za nani atoke vizuri na nani awe kivuli zina umri mrefu.) Sasa geuza: ongeza mwanga mpaka uso utoke. Mchanga unaungua wote kuwa mweupe, na pamoja nao zinapotea kamba na vigingi, yaani shamba lenyewe ambalo nataka watoto walione. Na mwanga ulioungua haurudi. Hakuna kilichoandikwa pale, hata ufungue programu gani.

Mtaniambia, si usubiri jioni jua likilala? Ndiyo ushauri wa kila mtu wa YouTube. Basi msikilizeni mwalimu wa Jiografia. Pwani yetu hii, wakati wa bamvua, maji hujaa kwenye saa kumi na kitu na hupwa kabisa kwenye saa nne na kitu, asubuhi na usiku. Tofauti kati ya kujaa na kupwa inakaribia mita 4. Shamba la mwani linafikika kwa miguu maji yakishakupwa, kwa hiyo akina mama wanashuka jua likiwa tayari limepanda, wanafanya kazi saa mbili tatu, bahari inarudi. Maji mafu ndiyo hayapwi vya kutosha, unakaa nyumbani. Huwezi kuiambia bahari isubiri mwanga wako mzuri. Upate jioni ya dhahabu, shamba liko chini ya maji na mama mkubwa yuko jikoni.

Kwa hiyo: saa moja na nusu ya maji ya chini kabisa, betri tatu ambazo kwa karatasi ni dakika 34 kila moja na kwa upepo wa baharini ni pungufu ya hapo, na boti ya kurudi siku ya tatu.

Tulikwenda Februari 2025, likizo ya katikati, kaskazi ikiwa imetulia. (Msiende Juni na droni ndogo, kusi la upande ule litaipeleka Pemba.) Siku ya kwanza hatukupiga kitu cha maana. Nilimwomba kaka wa CoET betri moja tu ya majaribio: sehemu ile ile, saa ile ile, mama mkubwa kakaa kwenye gogo la mnazi ufukweni na buibui lake, nyuma yake mchanga na maji. Droni mita 4 juu, pembeni yake. Normal dakika moja, HLG dakika moja, D-Log M dakika moja. Halafu tukapanda mita 40, kamera ikatazama chini kabisa, tukarudia tena zote tatu.

Mwenye droni alilalamika kwamba tunachezea betri. Nikamwambia kaka, huyu ni mama yangu, si harusi ya kurudia keki.

Usiku tukakaa barazani na laptopu. Kwenye kile kipande cha pembeni, Normal ilishindwa waziwazi. Histogramu yake, ule mlima wa kuonyesha giza kushoto na mwanga kulia, ulikuwa umegonga kuta zote mbili. Uso ulikuwa mweusi mtupu, na tulipouvuta ukatoka na chenga nyingi na rangi ya majivu. HLG ilishika vizuri zaidi, lakini nilipoichomeka kwenye televisheni ya binamu yangu, ya kawaida kabisa, rangi zikaja zimepauka na ngozi ya mama mkubwa ikawa kama ya mgonjwa. Inawezekana kuibadilisha kwenye programu, sikatai. Ila kama lazima nibadilishe, basi bora nibadilishe ile inayonipa uhuru zaidi. D-Log M ilitoka na macho yake. Macho, mikunjo ya pembeni, na lile tabasamu lake la kukudharau kidogo, na nyuma yake mchanga bado una mawimbi yake.

Mwenye droni akapiga kofi, "Si nilisema!"

Nikamwambia subiri, tufungue zile za juu. Na hapa ndipo palipokuwa na utamu. Kamera ikitazama chini kabisa, hakuna anga, hakuna uso, hakuna kivuli kirefu. Kuna mchanga, maji ya kifundo cha mguu, mistari ya mwani. Mlima wa histogramu ulikuwa mwembamba, umekaa katikati, kuta hazijaguswa hata kidogo. Normal ilishika kila kitu, ikatoka safi na rangi zake tayari. D-Log M ya sehemu ile ile haikuonyesha kitu ambacho Normal haikuonyesha, ila ilikuwa inadai kazi. Kuchukua logi kwa picha ya mwanga mwembamba ni kubeba begi la safari kwenda dukani kununua chumvi. Kaka wa CoET hakupiga kofi tena, ila alikubali kwa kichwa, na kwa mhandisi hiyo ni hotuba.

Kwa hiyo kesho yake tukaamua hivi: picha zote za juu kabisa, za kuonyesha ramani ya mashamba, Normal. Picha zote za chini na za pembeni, penye watu, D-Log M. Tukapanga safari za betri kwa mpangilio huo ili tusibadilishe seti angani kila dakika. Na iwe wazi, betri mbili kati ya tatu zilikwenda kwa watu.

Mengine niliyoyafanya, kwa wale mnaotaka namba. ISO 100, haikusogea. Fremu 25 kwa sekunde. Mizani ya weupe niliifunga kwenye 5500K, maana ukiiacha ijiamulie, droni ikigeuka kutoka mchangani kwenda majini rangi ya ngozi inabadilika katikati ya sentensi. Filta ya ND64. Kwa nini 64? Kanuni ya jua kali inasema ukiwa f/16, shata inalingana na ISO, yaani 1/100. Lenzi yetu ni f/1.7, inaingiza mwanga karibu mara 89 zaidi, kwa hiyo bila filta shata inakimbia mpaka karibu 1/9000 na mikono ya watu inatembea kwa kukatika katika kama katuni. ND64 inagawa mwanga kwa 64, ukabaki kwenye 1/140 hivi. Wale wa sinema watadai 1/50. Wadai tu. Mikono ya kufunga mwani ilionekana vizuri, na sikutaka kutua na kubadilisha filta bahari ikirudi.

Kwenye kupima mwanga niliwasha ile mistari ya tahadhari, mistari ya pundamilia tunaiita, inayopita juu ya sehemu zinazokaribia kuungua. Kwa D-Log M niliongeza mwanga mpaka pundamilia akaanza kuonekana kwenye mng'ao wa maji peke yake, nikarudi nyuma kidogo, nikaacha. Mng'ao wa jua majini hata ukiungua sawa, hauna habari ya kumfundisha mtu. Mchanga haukuungua. Kwa Normal nilifanya kinyume, nilipunguza kidogo, theluthi mbili za stopu, kwa sababu Normal ikigonga ukuta wa kulia inagonga kwa kishindo.

Na hifadhi. 150 kwa kipimo cha megabiti kwa sekunde, ambacho ndicho cha juu cha hii droni, ni karibu gigabaiti 1.1 kwa dakika. Kadi ya 64 inajaa kabla ya saa moja. Pigeni hesabu kabla ya kwenda mahali ambapo duka la kadi ni mwendo wa gari mpaka mjini.

Kazi ya laptopu sitaisimulia sana, inaniuma kichwa bado. Faili za biti 10 za H.265 kwenye laptopu yangu zilikuwa zinatembea kama mtu wa mwaka wa kwanza siku ya usajili. Nikatengeneza nakala nyepesi, nikahariri kwa hizo, mwishoni nikarudisha zile halisi. Nilichotaka kusema hapa ni kimoja. Nilipomaliza kurekebisha rangi chumbani, usiku, taa imezimwa, video ilikuwa nzuri kama ya sinema, weusi umekolea. Asubuhi nikaipeleka kwenye projekta ya semina, mapazia wazi. Giza lote likaliwa. Mwanga wa dirishani unaangukia ukuta ule ule unaoangukiwa na projekta, kwa hiyo weusi wa video unakuwa kijivu cha ukuta, na kila kilichokaa karibu na weusi kinazama humo. Nyuso zilikuwa zimekaa hapo. Nikarudi nikapandisha sehemu ya kati, nikaacha buibui liwe kijivu kizito badala ya jeusi tii. Kwenye laptopu ikawa video ya kawaida, haimtishi mtu. Rumeti akasema nimeiharibu. Nikamwambia darasa langu la Singida halina mapazia.

Na kweli halikuwa nayo. Julai, kipindi cha nne, watoto sitini na kitu, projekta ya kuazima, ukuta wenye alama za chaki. Mkaguzi wangu kakaa nyuma na fomu yake. Nikaanza na ile picha ya juu, mistari ya vigingi kama daftari la hesabu lililotandazwa baharini. Mmoja akauliza kama hiyo bahari imekauka. Nikasema la, imekwenda, itarudi saa kumi. Darasa likacheka, hawakuamini, na hapo nikajua nimewapata, maana asiyeamini anauliza. Tukaenda na mwezi, na miduara yangu mitatu ubaoni, na kwa nini cottonii iliyokuwa ikilipa zaidi imeshindwa kwenye maji ya kina kifupi yanapopata joto, na kwa nini wengine sasa wanatafuta maji ya kina.

Halafu ikaja ile ya pembeni. Mama mkubwa anafunga mwani kwenye kamba, anainua kichwa, anaitazama droni.

Kimya kidogo. Binti mmoja wa dirishani akanyoosha mkono. "Madam, huyo bibi anatucheka nini?"

Nilimpigia mama mkubwa jioni ile ile kumwambia. Akauliza huyo mtoto anaitwa nani, nikamtajia. Akasema mwambie namcheka kwa sababu yuko Singida na mimi niko baharini. Nikampelekea ujumbe darasani kesho yake, wakapiga makofi.

Mkaguzi kwenye fomu aliandika kwamba zana ilikuwa nzuri ila muda wa kuhitimisha ulikuwa mfupi. Sawa.

Ubishi chumbani haujaisha. Kaka wa CoET sasa anapiga harusi kwa Normal akiwa juu na D-Log M akishuka kwa maharusi, ila anasema aliligundua mwenyewe. Rumeti bado yuko kwenye HLG, anasubiri televisheni. Mama mkubwa anataka twende tena bamvua lijalo la likizo, tuwapige na wale wenzake wa maji ya kina, na kasema safari hii atavaa kanga nyekundu, nianze kufikiria nyekundu inafanya nini kwenye jua la saa nne. Nimeanza kufikiria. Biti 10 nazo zina mpaka wake kwenye nyekundu iliyokolea, nitawaandikia nikishajaribu na kanga yangu uani.

Nawaacha, Jumatatu nina tesiti ya upimaji wa elimu na madesa sijayagusa. Mwenye past paper za mwaka jana anitafute.